Monita Inayopepesa Taa Haijafa: Kusoma Ugonjwa wa Pawa Saplai

Unabonyeza kitufe. Taa ndogo pembeni mwa monita inawaka, inazima, inawaka tena, kama mtu anayepambana na usingizi. Kioo kinabaki cheusi. Ukitega sikio nyuma yake unasikia tik, tik, tik, hafifu kama mdudu ndani ya ubao. Wengi hutoa hukumu hapohapo: imekufa, itafutwe nyingine. Lakini kitu kilichokufa hakijaribu kuamka. Hiyo tik ni pawa saplai, yaani sehemu inayoilisha monita umeme: inaanza kazi, inagundua mambo hayako sawa, inajizima, kisha inajaribu upya. Mara nyingi kioo ni kizima na bodi ya picha ni nzima. Kilichochoka ni kopo moja au mawili ya alumini, madogo kuliko ncha ya kidole gumba, na kuyabadilisha ni kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua kulehemu.

Sisemi kwamba ni kazi ya kila mtu. Ndani ya monita kuna sehemu inayoweza kuua, na maelezo mengi ya ufundi huitaja kwa sentensi moja ya haraka kisha yakakimbilia bisibisi. Nitaanza na njia ya umeme, kutoka ukutani hadi kwenye kioo. Ukishaijua njia hiyo utajua pa kugusa na pa kuacha, na dalili zenyewe zitaanza kukueleza ugonjwa.

Kwanza uhakikishe kuwa inaumwa

Chomoa waya wa picha unaotoka kwenye kompyuta, uache wa umeme peke yake, kisha uwashe. Monita nzima itaonyesha maandishi ya kusema haipati picha, japo kwa sekunde chache, halafu italala. Ikifanya hivyo, pawa saplai haina kosa na ugonjwa uko kwenye waya au kwenye kompyuta. Monita nyingi hupepesa taa polepole au kuibadilisha rangi zikiwa usingizini. Hiyo ni tabia tu, na wapo waliofungua monita nzima kwa kuiogopa.

Kama monita yako inatumia adapta ya nje, ile inayofanana na chaja ya kompyuta ya mapajani, anza na adapta. Na hapa kuna mtego. Ukipima adapta mbovu ikiwa haijachomekwa popote, inaweza kukuonyesha volti 19 kamili, au 12, au 14, kama lebo inavyodai, nawe ukaihesabia haki. Ichomeke kwenye monita, mzigo uingie, volti zinaporomoka. Njia ya uhakika ni kujaribu adapta nyingine yenye volti zilezile, plagi yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi, na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ampea zikizidi si tatizo, maana monita huchukua inachohitaji na kuacha kingine. Volti zikizidi ni tatizo kubwa.

Kipimo cha tatu ni cha tochi. Washa monita ikiwa imeunganishwa na kompyuta, zima taa za chumbani, kisha mulika kioo kwa upande ukikaribisha tochi. Ukiona picha imefifia mle ndani kama kivuli, basi bodi ya picha inapata umeme na inafanya kazi. Zilizozimika ni taa za nyuma ya kioo, au sehemu ya pawa saplai inayozilisha. Ugonjwa umeshapungua nusu kabla hujashika bisibisi.

Bodi moja, pande mbili

Umeme wa ukutani ni wa AC: unakwenda na kurudi mara 50 au 60 kila sekunde, kwa volti 220 hadi 240 katika nchi nyingi, na kati ya 100 na 127 kwingineko. Ukiingia kwenye bodi unakutana kwanza na fyuzi, kisha koili na kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda) za kuchuja makelele, halafu dayodi nne, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilizopangwa kama daraja. Kazi ya daraja ni kuugeuza umeme huo wote uelekee upande mmoja. Baada ya hapo unaingia kwenye kapasita kubwa kuliko zote, kopo nene lililoandikwa volti 400 au 450.

Hapa hesabu huwashangaza wengi. Ile 230 tunayoizoea si kilele cha wimbi bali ni kipimo cha nguvu yake kwa wastani. Kilele kinafika mara 1.414 ya hapo, na kapasita kubwa hujaa hadi kileleni. Kwa hiyo kopo lile linabeba takribani volti 325 za DC, yaani umeme unaoelekea upande mmoja. Kwenye nchi ya volti 120 litabeba karibu 170. Hakuna soketi ukutani inayokupa DC ya kiasi hicho, lakini monita yako inayo.

Kutoka hapo, transista yenye nguvu, ambayo hapa ni swichi ya kasi, inaukata umeme huo vipande vidogovidogo, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Mara 65,000 ni jambo la kawaida. Inaamriwa na aisi (chipu, IC) ndogo iliyo karibu yake. Vipande hivyo vinapita kwenye transfoma. Kasi ndiyo siri ya udogo wake: transfoma inayofanya kazi kwa mapigo 50 ya ukutani ingehitaji pande la chuma zito la kuvunja mguu, ila kwa mapigo 65,000 inatosha iliyo ndogo kama kiberiti. Upande wa pili wa transfoma unatoka umeme mpole, unanyooshwa na dayodi, unatulizwa na kapasita kadhaa, kisha unagawanywa: volti 5 kwa ajili ya bodi ya picha, na volti kati ya 12 na 20 hivi kwa ajili ya taa za nyuma.

Geuza bodi uitazame chini. Utaona kati ya pande hizo mbili umeachwa ukanda usio na shaba hata kidogo, milimita kadhaa za ubao mtupu, wakati mwingine ubao umechanwa kabisa. Huo ndio mpaka. Upande wa kwanza mafundi huuita upande wa moto, na jina limeustahili. Upande wa pili ni wa baridi. Vitu vinavyoruhusiwa kuvuka mpaka vinahesabika: transfoma yenyewe, kapasita moja ya usalama ambayo mara nyingi ni bapa na ya bluu, na kijidude cheusi chenye miguu minne kiitwacho optokapla. Hiki cha mwisho napenda kukionyesha kwa wanaoanza. Upande wa baridi unapotaka kuuambia upande wa moto kwamba volti zimezidi au zimepungua, hautumii waya. Ndani ya optokapla kuna taa ndogo upande mmoja na jicho upande mwingine, na ujumbe unavuka kwa mwanga. Umeme haugusani, habari inafika.

Kopo linalozeeka

Ukiwauliza mafundi waliofungua monita nyingi ni kitu gani hufa kwanza, watakujibu bila kufikiri: kapasita. Ni vizuri kujua kwa nini, maana sababu hiyohiyo ndiyo itakayokuongoza kuchagua za kubadilishia.

Kapasita ya aina hii ni karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja, katikati yake kukiwa na karatasi iliyolowa kimiminika kinachoitwa elektroliti. Kimiminika hicho ni sehemu ya kapasita yenyewe, kama wino ulivyo sehemu ya kalamu. Joto linakikausha. Kanuni inayotumiwa na mainjinia ni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu takribani saa 8,000 ikikaa kwenye nyuzi 85, na saa 32,000 kwenye nyuzi 65. Kwa mtu anayewasha monita saa 8 kwa siku, tofauti hiyo ni kati ya miaka isiyotimia mitatu na karibu miaka kumi na moja. Sasa fungua monita uone kapasita zimewekwa wapi. Mara nyingi zimebanana kando ya bamba la alumini la kupoza dayodi, yaani mahali penye joto kuliko pote upande wa baridi. Mchoraji wa bodi alikuwa na sababu ya kuzisogeza karibu na dayodi, kwa kuwa njia fupi ni bora kwa umeme wa kasi, lakini alizipanga jikoni.

Juu ya suala la joto kulikuwa na balaa lingine. Kati ya mwaka 1999 na 2007 soko la dunia liliingiwa na kapasita nyingi zenye elektroliti mbovu, hasa kutoka kwa watengenezaji wa Taiwan. Zilikuwa zikitoa gesi ndani kwa ndani na kuvimba kabla ya wakati wake. Monita na bodi kuu za kompyuta za miaka hiyo zilikufa kwa wingi. Ukikutana na monita ya enzi hizo ambayo haijawahi kufunguliwa, una haki ya kuzishuku kapasita zake kabla ya kuona chochote.

Kapasita iliyochoka hujitangaza kwa kuvimba. Kichwa chake kimechorwa alama ya msalaba ili kipasuke kwa utaratibu gesi inapozidi. Kikiwa bapa ni dalili njema. Kikiwa na kitumbua, hata kidogo, imekwisha. Wakati mwingine inavuja chini na kuacha ukoko wa kahawia miguuni. Usichanganye ukoko huo na gundi ya kiwandani, nyeupe au ya manjano, inayomwagwa kati ya vipande ili visitikisike. Wanaoanza huilaumu gundi mara nyingi, ingawa nayo ikipigwa na joto miaka mingi na kugeuka kahawia nzito, ni vyema kuikwangua.

Lakini kuna zinazokufa bila kuvimba, na hizi ndizo zinazopoteza watu siku nzima. Kipimo cha ujazo, yaani maikrofaradi, kinaweza kubaki karibu na kilichoandikwa huku ukinzani wa ndani ukiwa umepanda sana. Ukinzani huo, ambao mafundi huutaja kwa herufi ESR, kwenye kapasita nzima ya maikrofaradi 1,000 ya aina inayofaa ni chini ya sehemu ya kumi ya omu, kipimo cha ukinzani. Ikifika omu moja, piga hesabu: mapigo ya ampea 3 yanayopita hapo yanaitikisa laini ya volti 5 kwa volti 3 kila pigo. Bodi ya picha haiwezi kuishi kwenye mtikisiko huo. Isitoshe, ukinzani unaopitiwa na mkondo huzalisha joto, joto linakausha elektroliti zaidi, ukinzani unapanda tena. Ndiyo maana ugonjwa huanza polepole kisha ukakimbia.

Na ndiyo maana ipo ile tabia ambayo wenye monita huizoea kama tabia ya mzee wa nyumbani: asubuhi inakataa, unaiacha imechomekwa dakika kumi, inawaka yenyewe, kisha inafanya kazi hadi jioni bila neno. Elektroliti ikiwa baridi ina ukinzani mkubwa, ikipata joto ukinzani unashuka. Dakika kumi zile za tik, tik zilikuwa za kujipasha moto. Ukitaka kuthibitisha, chomoa monita, pulizia mgongo wake mashine ya kukaushia nywele kupitia matundu ya hewa kwa dakika chache, kisha uichomeke. Ikiwaka mara moja, umepata jibu bila kutoa skrubu hata moja.

Simba mwenda pole

Sasa yale ya hatari. Watu huamini kwamba monita iliyochomolewa ni salama, na kwamba iliyokufa kabisa ni salama zaidi. Ukweli ni kinyume chake. Pawa saplai nzima ikichomolewa huendelea kufanya kazi sekunde chache ikinyonya umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa, hadi unakwisha. Pawa saplai ambayo upande wake wa moto umekufa haina cha kuunyonya. Zile volti 325 zinakaa mle koponi zimetulia, dakika kwa dakika, zikisubiri kidole. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kapasita ya maikrofaradi 100 yenye volti hizo ina zaidi ya jouli 5 za nishati. Zinatosha kukurusha mkono ukaugonga ukingo wa chuma, na zikipita kifuani ni habari nyingine.

Kuzipiga shoti kwa bisibisi ni mtindo uliozoeleka, na ni mbaya. Unatoa cheche, unachoma shaba ya bodi, unaweza kuua kipande kilichokuwa kizima, na unajizoesha kuweka chuma mahali ambapo siku moja umeme utakuwa bado umechomekwa. Chukua rezista, kipande cha kuzuia mkondo, ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5, ilehemu kwenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, ubaki na ncha mbili tu wazi. Gusisha ncha kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa na uhesabu hadi kumi. Kwa kapasita ya maikrofaradi 100 na rezista hiyo, sekunde tano zinatosha kuitoa karibu yote, na kumi ni za kukupa amani. Kisha pima kwa mita. Kuhesabu peke yake hakutoshi: pima, na usiguse mpaka mita iseme chini ya volti 5. Kapasita hizi pia zina kawaida ya kurudisha volti kidogo baada ya kutolewa, kwa hiyo ukienda kunywa maji ukarudi, pima tena.

Mita yenyewe iwe na uwezo wa volti 600 au zaidi na nyaya zake zisiwe zimechubuka. Ukilazimika kupima umeme ukiwa umechomekwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Kama sentensi hizi zimekutia wasiwasi kuliko hamu, mpelekee fundi. Hakuna aibu, na maelezo ya dalili uliyoyakusanya hadi hapa yatampunguzia kazi.

Kufungua na kupima

Laza monita kifudifudi juu ya kitambaa laini, toa skrubu za mguu na za mgongoni, kisha tembeza kadi ya plastiki kwenye mshono wa fremu hadi vishikizo viachie. Vitalia kama vinavunjika; vingi havivunjiki. Utakuta sanduku la bati lenye bodi mbili: ya picha ni ile yenye soketi za nyaya za kompyuta, ya umeme ni ile yenye transfoma na kapasita kubwa. Piga picha kila hatua. Picha ya kapasita kabla hujazitoa ina thamani kuliko kumbukumbu yako, nitaeleza kwa nini.

Monita za zamani, zile zenye mirija membamba ya mwanga nyuma ya kioo badala ya LED, zina jambo la ziada. Nyaya za waridi na nyeupe, au bluu na nyeupe, zinazoingia pembeni mwa kioo hubeba kuanzia volti 600 hadi zaidi ya 1,000 wakati taa zimewaka, na mirija yenyewe ina zebaki kidogo. Usiivunje, na usiguse nyaya zake zikiwa na umeme. Ni monita hizi pia zenye ile dalili ya picha kuonekana sekunde mbili kisha giza: sehemu inayolisha mirija imehisi kasoro ikajilinda. Inaweza kuwa mrija uliochoka au transfoma yake ndogo, lakini mara nyingi ni kapasita za laini ileile inayoilisha. Kwa hiyo unaanza na kapasita.

Ukiwa unapima volti, kumbuka mpaka. Waya mweusi wa mita hauwekwi popote tu. Upande wa baridi, uweke kwenye bati la fremu. Upande wa moto, uweke kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa. Ukichanganya utapata namba za ajabu na utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kuna volti 325 kwenye kapasita kubwa lakini upande wa baridi hakuna kitu? Umeme unafika ila haukatwi: tazama transista, aisi na jirani zake. Hakuna hata hizo 325? Fyuzi au daraja. Volti 5 zinacheza kati ya 3 na 5 huku tik ikisikika? Kapasita za upande wa baridi zinakuita. Ila mita huonyesha wastani, na nyingi hazioni mtikisiko wa kasi ya maelfu, kwa hiyo laini inaweza kusomeka volti 4.9 ikiwa na uchafu wa kuizuia bodi kuwaka. Usiiachilie kapasita yenye uvimbe kwa sababu tu volti zinasomeka vizuri.

Kuna kapasita moja ambayo nataka kuitaja kwa sababu iliwahi kunilia wikiendi nzima. Nilibadilisha zote sita za upande wa baridi, mbili zikiwa zimevimba kweli, nikawasha kwa majivuno, nikasikia tik, tik ileile. Mhalifu alikuwa upande wa moto: kapasita ndogo ya maikrofaradi 22, nyembamba kama penseli, imesimama karibu na aisi. Hiyo ndiyo inayoiwasha aisi. Rezista kubwa inaijaza polepole kutoka kwenye zile volti 325, na ikifika kizingiti aisi inaamka. Kwenye aisi maarufu ya UC3842 kizingiti ni volti 16. Kuanzia hapo aisi inaishi kwa akiba ya kapasita hiyo hadi transfoma ianze kuilisha. Kapasita ikiwa imekauka, akiba inaisha kabla transfoma haijasaidia, volti zinashuka chini ya 10, aisi inalala, na mzunguko unaanza upya. Haivimbi, maana ni ndogo mno na nyingi hazina hata alama ya msalaba. Tangu siku hiyo, nikifungua bodi, hii ndogo naibadilisha pamoja na nyingine bila kuuliza.

Kubadilisha

Vigezo vya kapasita mpya ni vinne. Maikrofaradi ziwe zilezile au zizidi kidogo. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Ya volti 10 unaweza kuibadilisha kwa ya 16, na ya 16 kwa ya 25, mradi inaenea. Nyuzi ziwe 105, si 85. Na iwe ya aina ya ESR ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya pawa saplai. Kapasita ya kawaida yenye namba zilezile itaiwasha monita yako leo na kuizima baada ya miezi michache, nawe utasema ufundi wa nyumbani haufai. Usiitoe pia kwenye bodi kuukuu iliyolala stoo, kwani huijui umri wake.

Kapasita hizi zina chanya na hasi. Mstari uliochorwa ubavuni unaonyesha hasi. Bodi nyingi hutia kivuli nusu ya duara upande wa hasi, lakini si zote hufuata desturi hiyo, na hapo ndipo ile picha uliyopiga inapokuokoa. Ukiigeuza kapasita itachemka na inaweza kupasuka usoni mwako, kwa hiyo mara ya kwanza unapowasha usiinamie bodi.

Kuitoa, ongeza lehemu mbichi kidogo kwenye miguu yake kwanza. Inaonekana kama kuongeza uchafu, lakini ya zamani inayeyuka kwa urahisi ikichanganyika na mpya. Pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kopo, kisha wa pili, ukipokezana hadi itoke. Usivute kwa nguvu. Shaba ya bodi imegandishwa tu, na joto likizidi linaibandua. Nyuzi 350 hivi kwenye ncha ya kifaa zinatosha, ila sehemu zilizounganishwa na shaba pana zinanyonya joto na zitakudai subira. Safisha matundu kwa utepe wa shaba au pampu ya kunyonyea lehemu, ingiza mpya, lehemu, kata miguu. Ukiwa hapo, tazama chini ya transfoma na chini ya soketi ya umeme kwa jicho kali: lehemu yenye ufa wa mviringo kuzunguka mguu ni ugonjwa mwingine unaofanana na wa kapasita, na dawa yake ni kuilehemu upya tu.

Fyuzi ikikatika

Kuna wanaokuta fyuzi imekatika, wanaweka nyingine, inakatika papo hapo, wanaweka kubwa zaidi. Fyuzi haiumwi yenyewe mara nyingi, inatoa taarifa. Kama ni ya kioo, itazame: waya uliokatika kwa utulivu katikati unaweza kuwa ulichoka tu, lakini kioo kilichopakwa masizi meusi kinasema shoti ilikuwa kubwa. Kabla ya kuweka nyingine yenye ampea zilezile, weka mita kwenye kipimo cha dayodi upime daraja na ile transista kubwa. Dayodi nzima hupitisha upande mmoja, ikisoma kati ya 0.4 na 0.7, na kukataa upande mwingine. Ukisoma sifuri pande zote, umemkuta mhalifu. Transista ikiwa imepiga shoti, mara nyingi huwa imekufa pamoja na aisi yake na rezista ndogo ya chini ya omu moja iliyo jirani. Ukibadilisha transista peke yake utaiua nyingine ndani ya sekunde. Mimi nikifika hapa huwa naangalia kama bodi nzima ya umeme inapatikana kwa namba yake iliyochapwa pembeni, kwa sababu upande wa moto ukishaungua, muda unaotumia unazidi thamani ya unachookoa.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza baada ya ukarabati wa upande wa moto, weka balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 hadi 100, kwenye mfululizo na waya wa umeme, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye monita. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Ikimeta kidogo kisha ikafifia, kapasita kubwa imejaa na mambo ni shwari. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, na balbu imebeba mzigo ambao ungeiangukia fyuzi na transista yako mpya.

Ikiwaka, usiifunge bado. Iache ifanye kazi saa mbili tatu ikiwa wazi, mahali ambapo mtoto hafiki, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa, kisha ichomoe, itoe umeme, na uinuse bodi kabla ya kurudisha bati. Zile kapasita kuukuu ziweke mezani uzipime. Zilizovimba zitakuonyesha aibu yao mara moja. Utashangazwa na zile zilizokuwa na vichwa bapa: maikrofaradi 950 kati ya 1,000, safi kabisa, na ukiiweka kwenye kipimo cha ESR inasoma omu mbili.